Uso Usio na Mwenyewe

Habari ilifika ikiwa imefungia sukari. Gozel, bi harusi wa miezi minne, alirudi kutoka dukani na kifurushi chake, akakifungua juu ya sinia la chai, na Ogulnabat, kiongozi wa wafumaji, akaliona gazeti kabla hajaiona sukari yenyewe. Hakuwa msomaji mkubwa. Herufi alifundishwa ukubwani na kaka yake, Tachmirat, aliyekuwa mwalimu wa kijiji. Lakini jina lile asingeshindwa kulisoma, kwa sababu kwa miezi mitatu lilikuwa limeandikwa chini ya mchoro uliotundikwa ukutani mbele yake. Hojamberdi. Mwenyekiti Hojamberdi. Na pale ambapo magazeti yote yalikuwa yakiandika "ndugu yetu mpendwa", gazeti hili lilikuwa limeandika "adui wa umma".

Akaketi. Alipoketi ndipo alipokumbuka anakalia nini.

Wafumaji wa kwetu hukaa juu ya kazi yao. Kitanda cha kufumia hulazwa chini kabisa, nyuzi za mtande zikavutwa kati ya magogo mawili, na zulia huanza kwenye miguu ya picha kwenda kichwani. Kadiri linavyokua ndivyo mfumaji anavyosogea mbele na kulikalia alichokwisha kukifuma. Basi chini ya wanawake watatu, chini ya kitambaa cheupe cha kuzuia vumbi, alikuwamo Mwenyekiti Hojamberdi: vifungo vya koti, kola, shingo, kidevu, masharubu, mashavu. Walikuwa wamefika kwenye tundu za pua. Zulia lilikuwa lipelekwe mji mkuu, likatundikwe kwenye ukumbi wa serikali.

"Mbona umesawijika?" aliuliza Bibi Sona, mkongwe wa kikundi, mwanamke wa miaka sabini mwenye ulimi mkali na vidole visivyozeeka. "Sukari ina mchanga tena?"

"Haina kitu, bibi. Gozel, nipe hiyo karatasi niwashie moto."

Gozel alimpa. Ogulnabat aliisokomeza chini ya birika, akaitazama mpaka ikawa majivu, kisha akageuka kumtazama yule binti. Gozel alikuwa ameshika ncha ya kilemba kwa meno, kama wafanyavyo maharusi wa kwetu mbele ya wakubwa, na mtu aliyeziba mdomo huwezi kujua anawaza nini. Aliolewa na mpwa wa meneja wa karakana yao. Shuleni alikaa miaka miwili. Miaka miwili inatosha kusoma jina.

Hofu ya siku zile haikuwa ya kubahatisha. Tachmirat alichukuliwa masika, saa nne asubuhi, chaki ikiwa bado mkononi. Walikuja wanaume wawili na gari, wakazungumza naye kwa adabu, wakaondoka naye. Hakuna aliyejua kosa lake. Mama yao, Bossan, alikwenda wilayani mara tatu kuuliza. Mara ya tatu karani alimwuliza, "Una mtoto mwingine?" Akajibu anaye, binti. Karani akasema, "Basi mtunze huyo." Tangu siku ile Bossan hakuuliza tena, na jina la Tachmirat halikutajwa nyumbani wala kisimani. Mume wa Ogulnabat alikufa zamani. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na mama, na mama alikuwa naye, basi. Kama naye angechukuliwa, kikongwe yule angebaki peke yake, hana mtu hata wa kumfumba macho.

Akapiga moyo konde, akauondoa mchoro ukutani, akaukunja na kwenda ofisini.

Meneja Annageldi alikuwa amewasha jiko la chuma, na ilikuwa Septemba, joto bado linachoma. Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kwenye kola.

"Umesoma gazeti, meneja?"

"Gazeti gani? Macho yananiuma wiki nzima."

"Tunafuma nini sasa?"

"Mnafuma oda."

"Oda ya nani?"

"Oda imeandikwa 'picha ya mtu, moja'. Mtu. Mimi sijawahi kuuliza mtu gani. Wewe umewahi kuniambia?"

"Ulinikabidhi mchoro wewe mwenyewe, na jina lake chini."

"Mchoro upi?" Akanyoosha mkono. Ogulnabat alimpa, kwa sababu miaka yote alizoea kumtii. Meneja hakuufungua. Aliutia jikoni kama ulivyo, akafunga kijilango kwa ncha ya kiatu. "Mchoro upi, dada Ogulnabat?"

Hapo ndipo alipoelewa kwamba ameachwa peke yake. Karatasi imeungua, jina limeungua, na kitu pekee duniani chenye kidevu cha adui wa umma kiko kwenye kitanda chake, kimefumwa kwa mikono yake.

"Basi nilikate nilitupe?"

"Ukate sufu ya umma! Unajua watu wa hujuma wanapelekwa wapi?"

"Nilifumue?"

"Kufumua ni kuharibu polepole."

"Basi niambie nifanyeje, Annageldi. We ndiye meneja."

Meneja alitazama dirishani, kisha mlangoni, kisha akashusha sauti. "Mkaguzi anakuja Alhamisi ijayo, siku tisa. Anataka alione zulia limekwisha, limekatwa. Mimi nina watoto watano, dada."

"Na mimi nina mama."

"Basi tumeelewana," alisema Annageldi, ingawa hakuna walichoelewana hapo.

Njiani kurudi alifikiri mpaka kichwa kikamwuma. Koti lile lilikuwa koti la kila mtu, nusu ya wanaume wa nchi walivaa kama lile. Kola ni kola. Masharubu, nani hana masharubu? Uso wa mtu hujulikana kwa macho na paji. Kama juu ya mashavu yale angeweka macho ya mtu asiyekuwapo, na badala ya nywele zilizochanwa nyuma akamvika kofia ya manyoya ya kondoo, Mwenyekiti angetoweka bila fundo hata moja kukatwa.

"Kuanzia leo tunafuma mkulima," aliwatangazia wenzake.

Bibi Sona aliinua kitambaa cheupe, akachungulia. "Mkulima mwenye kidevu hiki? Mkulima gani anakula hivi?"

"Mkulima bora, bibi."

"Aaa. Bora." Akakishusha kitambaa. Uzee kwetu ni pamoja na kujua pa kuishia. Gozel alitoa sauti ndogo nyuma ya kilemba, na haikujulikana kama ni kicheko au ni kwikwi.

Kazi ya picha huenda kwa sauti. Kiongozi hukaa katikati, husoma mchoro na kuita rangi, nao wa kushoto na kulia hufunga mafundo kwa kumfuata. Sasa mchoro haukuwapo. Ogulnabat alikodolea macho ukuta mtupu, akavuta pumzi, akaanza kuita kutoka kichwani.

"Nyeusi mbili. Kahawia moja. Rangi ya ngozi nne. Nyeusi moja."

Vidole vikachomoa, vikazungusha, kisu kikakata. Safu ikiisha wanapitisha mshindio, uzi wa kukingama, chanuo la chuma linashuka, du, du, du, na safu nyingine inaanza. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akiona uso. Ukiwa juu yake huoni uso, unaona punje za rangi, na kilichokwisha kinaingia chini yako na kufunikwa. Ogulnabat aliuambia moyo wake: mtu yeyote, mtu yeyote, usimwige mtu. Kisha hofu ikamjaza tele hata hakubaki na nafasi ya kuwaza mtu yeyote. Alikuwa akisikiliza barabara. Kila gari lililopita mbali kwenye mashamba ya pamba lilimkata maini. Mdomo uliendelea kuita rangi wenyewe, kwa mazoea, na yeye aliuacha uite.

Siku ya nne Bibi Sona aliusimamisha mkono.

"Kahawia yenye kijani ndani? Una hakika?"

"Nina hakika."

"Katika jicho?"

"Ndivyo, bibi. Funga."

Bibi kizee alimtazama kitambo kirefu. Kisha akachagua uzi, akaufunga.

Siku ya sita Gozel aliinama kama anatafuta kisu, akanong'ona: "Dada, mume wangu ananiuliza tunafuma nini."

Kisu cha Ogulnabat kilimteleza, kikamchana kidole. Damu iliingia kwenye uzi mwekundu wa pambizo, ikapotelea humo.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia tunafuma mafundo."

Ogulnabat hakujua amshukuru au amwogope zaidi. Alinyonya kidole. Usiku ule hakulala, wala uliofuata, na mama yake alipomwuliza ana nini alisema ni mgongo.

Alhamisi mkaguzi alikuja na lori na wapakiaji wawili. Aliitwa Ndugu Bashim, kijana mwembamba mwenye viatu vipya, mpole sana. Alimsalimia kila mtu, hata wazee waliokaa barazani. Upole ule ndio uliomtisha Ogulnabat, maana waliomchukua kaka yake nao walikuwa wapole.

Siku ya kukata zulia kwetu ni siku ya furaha. Majirani hujaa mlangoni, mwanamke mkubwa kuliko wote hushika kisu, wengine hupiga vigelegele. Safari hii majirani walikuja kwa sababu kutokuja kungeonekana. Bibi Sona alikata mtande uzi kwa uzi, na kwa kuwa hakuna aliyepiga kelele, kila uzi ulisikika ukikatika. Wapakiaji waliliinua zulia kwa ncha mbili, wakapanda juu ya viti na kulining'iniza ukutani, penye mwanga.

Ogulnabat alirudi nyuma hatua saba, kama wanavyofanya wafumaji kuona kazi.

Tachmirat alikuwa akimtazama.

Macho yale yale ya kahawia yenye kijani, moja dogo kidogo kuliko jingine. Nyusi zile zile zilizokaribia kukutana. Kofia ya manyoya imevutwa upande wa kushoto, kama alivyokuwa akiivuta tangu utotoni na kugombezwa. Chini ya pua hakuwa yeye, chini alikuwa Mwenyekiti na minofu yake, lakini nani anamtazama mtu kidevu? Kwa siku tisa mdomo wake ulikuwa ukimwita kaka yake rangi kwa rangi, mbele ya watu wawili, na yeye hakusikia. Alimweka mtu aliyechukuliwa juu ya mtu aliyechukuliwa, akawatundika pamoja mbele ya serikali.

Chumba kizima kilimtambua. Nusu ya waliokuwamo walifundishwa naye kuandika majina yao. Aliwaona wakishusha macho mmoja baada ya mwingine, Meneja Annageldi naye.

Kisha akakumbuka jambo jingine, na hili lilimtisha kuliko yote. Kwa desturi, siku ya kukata, mama wa kiongozi wa wafumaji huleta pishme, vile vipande vya unga vya kukaangwa, na peremende za kuwagawia watu. Asubuhi alimwacha mama yake akikaanga. Hakumwambia asije.

"Mbona kimya?" aliuliza mkaguzi. "Zulia zuri hivi. Ni nani huyu?"

"Mkulima bora, ndugu mkaguzi," alisema Annageldi. "Oda ilisema mtu, nasi tukaona, mtu gani bora kuliko mkulima?"

"Nimezunguka wilaya nne. Wakulima wa kwenye mazulia nimewaona wengi, wote nyuso zao hazina mwenyewe. Huu una mwenyewe." Alisogea. Alilikagua paji, akayakagua macho, akashuka kwenye pua, kwenye masharubu. Alipofika kwenye kidevu akasita. Ogulnabat aliona masikio ya yule kijana yakigeuka mekundu. Alikuwa ametambua. Bila shaka picha yenye kidevu kile ilining'inia juu ya meza yake ya ofisini miaka mitatu mpaka juzi, na sasa hata yeye hakujua amwambie nani kwamba anakijua. Macho yake yalipanda upesi yakarudi juu, kwenye usalama. "Macho haya," alisema, sauti imekauka. "Nasema macho. Mchoro uko wapi?"

"Hawatumii mchoro, ndugu. Wanawake hawa wanafuma kwa kichwa."

"Kichwa cha nani?"

"Changu," alisema Ogulnabat.

"Basi wewe unamjua."

"Simjui, ndugu. Ni mtu tu."

Mkaguzi alimgeukia Gozel, ambaye alishikilia kilemba kwa meno. "Wewe, dada, unamjua?"

"Huyo ni bi harusi, ndugu," alidakia meneja. "Hasemi mbele ya wanaume. Mila."

"Mila hizo zimekwisha. Mwanamke wa leo yuko huru. Sema, dada."

Gozel aliachia kilemba, kikaanguka kifuani. Ilikuwa mara ya kwanza wengi wa waliokuwamo kuuona mdomo wake. "Mkulima," alisema. "Nilifunga jicho la kushoto mwenyewe. Ni mafundo, ndugu."

"Msichoke, wanangu!" ilisema sauti mlangoni.

Watu waliachana kumpisha. Bossan aliingia na furushi lake la pishme, moshi wa mafuta bado umo nguoni mwake, akitabasamu kama inavyompasa mtu siku ile. Ogulnabat alitaka kumrukia, amzibe macho. Hakusogea. Mama yake aliinua uso.

Kilichopita usoni mwa mama yule Ogulnabat hakukiona, maana aliogopa kutazama. Alitazama furushi. Furushi halikuanguka.

"Karibu, mama," alisema mkaguzi kwa upole wake. "Wewe ni mama wa nani?"

"Wa huyu," alisema Bossan, akamshika Ogulnabat bega.

"Wewe ni mtu mzima, umeona watu wengi. Hebu tuambie. Unamjua mtu huyu?"

Bossan alimkabidhi binti yake furushi. Alilifuata zulia ukutani, akaliwekea kiganja kwenye nyusi, akakishusha taratibu kupita macho, pua, mpaka shavuni, kama wanunuzi wanavyopima ulaini wa sufu. Hakuna aliyeweza kusema anafanya kingine. Kisha akapindua pembe, akakwaruza upande wa nyuma kwa ukucha.

"Mafundo yamebana," alisema. "Litadumu hili."

"Sikuulizi mafundo, mama. Nauliza mtu."

"Mtu simjui, mwanangu." Alimgeukia kabisa, akamtazama usoni. "Kijijini kwetu mtu huyu hayupo. Waulize wote."

Mkaguzi aliwatazama wote. Hakuwauliza. Pengine alikifikiria kile kidevu, na maswali ambayo yangemrudia yeye. Bossan alikuwa amekwisha kufungua furushi, akamnyooshea mkono. "Kula. Leo ni siku ya kukata, asiyekula anatuletea nuksi."

Kijana alichukua pishme moja, akala amesimama. Alipofuta vidole alitia sahihi. Kwenye nafasi ya maelezo aliandika "mkulima". Wapakiaji waliliviringisha zulia, uso ukiwa ndani, wakalifunga kamba mbili na kulirusha nyuma ya lori.

Watu walitawanyika bila kuagana. Bibi Sona alibaki akikusanya ncha za nyuzi sakafuni, na alipopitwa na Ogulnabat alimgusa kisigino. Mama na binti walishika njia ya mfereji kurudi nyumbani. Ogulnabat alisubiri mpaka hakukuwa na mtu mbele wala nyuma, ndipo akamshika mama yake mikono miwili.

"Nisamehe, mama. Sikujua mdomo wangu unamwita nani. Naapa sikujua. Ningetuua sote."

"Nyamaza."

"Mama, nimekulazimisha umkane..."

"Nyamaza nimesema, tembea."

Walitembea. Vumbi la lori lilikuwa bado limetanda juu ya barabara ya mjini, na Bossan aliligeukia mara moja, mara mbili, mpaka likatua. Kisha akamkamata binti yake mkono, kwa nguvu hata kucha zikaingia, na kwa mara ya kwanza tangu masika uso wake ulikuwa umechangamka.

"Lakini umemwona?" alinong'ona. "Amenenepa. Alipoondoka hapa alikuwa mifupa mitupu, na leo mashavu yamemjaa. Huko aliko wanamlisha."

Ogulnabat aliyajua mashavu yale fundo kwa fundo. Alijua ni ya nani. Mama yake alikuwa akimtazama akisubiri.

"Ndiyo, mama," alisema. "Wanamlisha."